Panya buku wa SUA na makohozi yaliyoandikiwa "hakuna TB"

Kibarua wa Mindu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa akili bandia kuna mdau aliandika kwamba Afrika Mashariki hatuna ubunifu wowote wa kuuonesha dunia ukiondoa kutuma hela kwa simu. Mimi naishi Morogoro. Pale SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna jengo ambalo watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuliona, halafu sisi tunapita na bodaboda zetu hata shingo hatugeuzi. Hao ndio APOPO, lile shirika linalofundisha panya buku kunusa mabomu na kifua kikuu (TB).

Wengi mnawajua kwa habari ya mabomu. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alinusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 katika miaka mitano ya kazi, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza. Panya wa kwanza kuipata. Alifariki Januari 2022 akiwa amestaafu. Hilo liliandikwa dunia nzima, sina la kuongeza. Mimi nataka tuzungumze kifua kikuu, maana hapo ndipo watu wengi wanadhani mgonjwa anapelekwa akanuswe na panya kama mzigo wa bandarini.

Tuanze na tatizo lenyewe. Una kikohozi cha wiki mbili na zaidi, unakwenda zahanati, unapewa kikopo, unatema makohozi. Yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi, na mtaalamu anainama kwenye hadubini kutafuta vijiti vyekundu vyembamba, ndio bakteria wa TB. Kipimo hiki ni cha zamani kweli. Robert Koch alitangaza kumwona huyu bakteria mwaka 1882, na mpaka leo sehemu nyingi bado tunamtafuta kwa jicho. Shida yake ni kwamba ili aonekane, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe na bakteria kama 10,000 hivi. Mwenye pungufu ya hapo anaandikiwa hasi, anarudi nyumbani na karatasi yake, anaendelea kukohoa kwenye daladala. Watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu makohozi yao huwa na bakteria wachache, na wengi huyameza badala ya kuyatema. Watu wanaoishi na VVU nao ni hivyo hivyo, vioo vyao mara nyingi vinasoma hasi.

Sasa panya anaingia wapi? Anaingia BAADA ya zahanati kumaliza kazi yake. Makohozi yaliyokwisha pimwa, yakiwemo yaliyoandikiwa hasi, hayamwagwi. Yanakusanywa, yanapelekwa kwenye maabara ya APOPO, yanapashwa moto mkali mpaka bakteria wote wafe. Harufu inabaki. Kisha vikopo vinapangwa kumi kumi kwenye reli, reli inasukumwa chini ya kizimba kirefu cha kioo chenye matundu kumi kwenye sakafu.

Hapo ndipo patamu. Anafunguliwa tundu la kwanza, panya anaingiza pua, hakuna kitu, anapita. La pili, anapita. La tatu anaganda. Pua imezama ndani, kucha zinakwaruza sakafu, anatulia sekunde tatu nzima. Kwa mwendo huo sampuli 100 anazimaliza ndani ya dakika 20 hivi. Mtu na hadubini anaweza kukaa nazo mpaka siku nne.

Kati ya hizo kumi, kuna zilizochomekwa makusudi ambazo tayari inajulikana zina TB. Panya akiganda kwenye hizo, anasikia mlio, "klik", anakimbilia ukingoni na kupewa uji wa ndizi kwa bomba la sindano. Akiganda kwenye ile isiyojulikana, hapewi kitu. Mkufunzi hawezi kumzawadia kwa jibu ambalo na yeye halijui, la sivyo panya atajifunza kubahatisha. Sampuli ile inaandikwa "inashukiwa" na panya wengine nao wanaipitia.

Na hata hapo mgonjwa haambiwi kitu. Sampuli inarudi kwa binadamu, inapimwa upya kwa vipimo vinavyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), mfano hadubini ya mwanga wa LED. Ikithibitika, ndipo zahanati inapewa taarifa mtu atafutwe. Kwa zahanati zinazopeleka sampuli huko, idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa hupanda kwa takriban asilimia 40. Hao wote walikuwa wameshaambiwa hawana.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Panya haji kumpokonya daktari kazi. Anarudia yale ambayo sisi tumeshayafungia faili, na anayarudia kwa gharama ndogo na haraka kiasi kwamba kuyarudia kunawezekana. Maabara gani hapa nchini ina watu wa kurudia kila kioo kilichosoma hasi?

Karibuni.

---

Mzee Mstaafu wa Newala

Mkuu huku kwetu huyo uliyemwandikia aya kumi ni mboga. Mnamlisha ndizi wakati yeye ndiye anayetakiwa aambatane na ndizi.

---

Kibarua wa Mindu

Mzee wangu shikamoo. Huyo aliyehitimu usimguse. Kumfundisha mmoja wa mabomu kunachukua kama miezi tisa na takriban euro 6,000. Hicho kitoweo kitakufilisi.

---

Binti Kihonda

Mimi swali langu ni la mzazi. Panya ndiye aliyeleta tauni. Leo tunamshikisha makohozi ya TB, kesho akitoroka akaingia mitaani Kihonda huku? Na mwanangu mdogo anakohoa, nisije nikapeleka kliniki nikakuta amewekewa panya kifuani.

---

Kibarua wa Mindu

Dada, hakuna panya anayeonana na mgonjwa. Panya yuko maabara, mwanao yuko kliniki, kinachosafiri ni kikopo. Na sampuli zinachemshwa kabla hazijamfikia, kwa hiyo anachonusa ni harufu ya bakteria waliokwisha kufa. Bakteria wa TB anapokua hutoa kemikali zinazopaa hewani, na pua ya panya buku inazitofautisha na harufu za vijidudu wengine wa kifuani. Hao panya wenyewe wamezaliwa vizimbani, hawakuokotwa jalalani. Tangu wakiwa wadogo wanazoeshwa kushikwa, kelele za gari, redio, watu.

Mtoto akikohoa wiki mbili mpeleke. Vipimo na dawa za TB ni bure.

---

Maabara Kwanza

Nimesoma uzi wote, hongera kwa kueleza vizuri lile suala la zawadi, wengi huwa wanaliruka. Ila mimi ni mtu wa maabara, ngoja niweke chumvi kidogo.

Kwanza kuhusu hadubini. Watu wasidhani sisi ni wavivu. Kabla hujaandika hasi unatakiwa uangalie sehemu kama 100 za kioo kimoja. Kioo kimoja! Foleni nje ina watu, kuna vipimo vya malaria, mkojo, damu ya wajawazito, na umeme umekatika mara mbili. Vioo vya asubuhi unavisoma kwa makini. Vya saa tisa alasiri, macho yanaona rangi ya bluu tupu hata ukifumba. Anayesema "maabara walikosea" aje akae kwenye kile kiti.

Pili, mleta uzi umeongea kana kwamba bado tupo kwenye hadubini peke yake. Mashine ya GeneXpert ipo. WHO iliipitisha Desemba 2010. Inatafuta vinasaba vya bakteria, jibu ndani ya saa mbili, na inakwambia kama bakteria amekuwa sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya TB. Siku hizi mwongozo unasema kipimo cha kwanza kiwe cha aina hii ya vinasaba, hadubini ibaki kufuatilia maendeleo ya matibabu. Panya hawezi kukwambia habari ya usugu. Atakwambia "kuna TB hapa", basi. Na WHO haijampitisha panya kama kipimo, ndiyo maana lazima kila alichokishuku kithibitishwe kwa njia nyingine.

Kwa hiyo swali langu: fedha za kufuga panya kwa nini zisinunue mashine?

---

Kibarua wa Mindu

Mtaalamu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Kila kipimo cha GeneXpert kinahitaji katriji yake, kile kichupa cha kutumia mara moja kinachowekewa sampuli. Bei yake kwa nchi kama zetu ilikuwa dola 9.98 kwa miaka mingi, ikashushwa hadi dola 7.97 mwaka 2023 baada ya makelele mengi ya wanaharakati. Hiyo ni katriji tupu. Weka mashine, umeme wa uhakika, chumba chenye ubaridi, fundi wa kuitengeneza. Kwa mtu mwenye dalili zote, lipa, inastahili. Sasa chukua watu ambao wamepimwa wakaonekana hawana, ni maelfu, na kati yao wachache wanayo. Utachoma katriji kwa kila mmoja? Hakuna wizara itakayokubali. Panya anakuchambulia: kati ya hawa 100, rudieni hawa kumi na mbili. Hao kumi na mbili ndio uwapeleke kwenye mashine yako.

Kwa hiyo mimi sioni panya DHIDI YA mashine. Naona panya anaifanya katriji iende mahali inapostahili. Siku katriji ikishuka ikawa bei ya kipande cha sabuni na kila zahanati ina mashine, nitakuja hapa hapa niandike kwamba panya wastaafu.

---

Maabara Kwanza

Hapo tumeelewana. Kuchambua nakubali. Kutoa jibu la mwisho sikubali.

---

Mama Wawili Mbagala

Naomba niseme la kwangu. Kaka yangu alikohoa muda mrefu, akapima sehemu moja hapa Dar, sitaitaja, wakasema hana TB. Akapewa dawa za kifua, akanywa, akamaliza, anakohoa tu. Akaanza kukonda. Mama akasema ni mambo ya kijijini, wakaanza kumtafutia mganga. Siku moja akapigiwa simu kwamba sampuli yake imerudiwa imeonekana ina TB, aende kituoni. Alikataa kwenda! Alisema ni matapeli, maana kwanza walisema hana, na pili aliyepiga alitaja neno panya. Nani ataamini?

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa kujitolea ambaye mwenyewe aliwahi kuugua TB akapona. Alikuja mpaka nyumbani, akakaa kwenye jamvi, akatoa kadi yake ya zamani ya dawa akamwonesha. Hakuongea habari za panya hata kidogo. Kaka akaanza dawa, akamaliza miezi sita. Leo anabeba mizigo kama kawaida.

Kwa hiyo mnapomsifia panya msifieni na yule mama.

---

Kibarua wa Mindu

Mama Wawili, asante sana. Hapo umegusa penyewe. Kuna chama cha watu waliougua TB wakapona, kinaitwa MKUTA, kimekuwa kikifanya kazi na APOPO hiyo hiyo ya kuwasaka wagonjwa. Na kuwasaka ni shughuli: namba ya simu imebadilika, anwani iliyoandikwa ni "karibu na kwa mangi", mtu amehama chumba. Panya anamaliza yake kwa dakika 20, binadamu anazunguka mtaa mzima wiki nzima. Na kila siku inayopita anaambukiza. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa huweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka.

---

Mjanja wa Mjini

Tuache utani. Wazo la mzungu, hela za wazungu, medali Uingereza. Cha kwetu hapo ni panya tu. Ndiyo ubunifu wa Afrika huo?

---

Kibarua wa Mindu

Wazo ni la Bart Weetjens, Mbelgiji, sijaficha na wala sina sababu ya kuficha. Alikuwa akifuga panya tangu utotoni. APOPO ilianza Ubelgiji mwaka 1997, na mwaka 2000 wakahamia SUA. Jiulize kwa nini SUA. Kwa sababu SUA walikuwa tayari wanawajua panya. Wataalamu pale walikuwa wakitafiti panya waharibifu wa mazao muda mrefu, wanajua wanavyozaa, wanavyokula, wanavyougua. Panya mwenyewe ni wa huku, anaishi muda mrefu, miaka hata minane, kwa hiyo mafunzo hayapotei bure. Wakufunzi ni Watanzania. Watafiti wanaochapisha kwenye majarida ya kimataifa kuhusu panya na TB wapo wa SUA, mfano Georgies Mgode, mtafute umsome, hasa kazi yake ya TB kwa watoto.

Hela ni za wafadhili, hilo kweli na linaniuma. Lakini hasira hiyo usimpelekee panya wala mkufunzi wake. Ipeleke kwa wanaopanga bajeti.

---

Jaluo wa Kondele

Niaje wadau wa Bongo, nawasoma kutoka Kisumu. Kazi safi. Lakini huyo aliyesema hatuna kitu asisahau chanjo ya malaria. RTS,S ilianza kutolewa kwa watoto huku kwetu magharibi mwa Kenya mwaka 2019, pamoja na Ghana na Malawi, na vifo vya watoto kwenye maeneo ya majaribio vilishuka kwa asilimia 13. Hiyo nyingine, R21, ilijaribiwa Kilifi na huko kwenu Bagamoyo. Mikono iliyotoa damu na watoto waliochanjwa ni wetu.

Sasa niulize: hawa panya wenu wanaweza kunusa malaria?

---

Maabara Kwanza

Boss, malaria ina kipimo cha haraka cha tone la damu na ni cha bei rahisi. Usimtafutie panya kazi ambayo ina mwenyewe.

---

Dalali wa Mazimbu

Mimi nimewahi kuwaona wale wa mabomu wakifanya mazoezi. Alfajiri mapema kabisa, maana ni wanyama wa usiku na jua hawaliwezi. Wanapakwa mafuta ya kuzuia jua masikioni na mkiani, nilidhani natazama vichekesho. Mmoja anafungwa kamba, watu wawili wamesimama huku na kule, panya anakwenda na kurudi kwenye mstari. Akinusa TNT, ile baruti ya ndani ya bomu, anakwaruza ardhi. Kipande sawa na uwanja wa tenisi anakimaliza nusu saa. Mtu na kifaa cha kutafuta chuma anaweza kumaliza siku nne, maana kifaa kinalia hata kwenye kizibo cha soda. Na panya ana kilo moja na kidogo, bomu halimsikii.

Msumbiji walisafisha mabomu zaidi ya 13,000 kwa msaada wao, nchi ikatangazwa haina mabomu ya ardhini mwaka 2015.

Swali: ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, hawa walikuwa wapi? Nilisikia wanafundishwa uokoaji.

---

Kibarua wa Mindu

Wanafundishwa, ila wakati ule uokoaji ulikuwa bado ni mradi wa majaribio. Panya anavalishwa kibegi mgongoni chenye kamera na kifaa cha kuonesha alipo, anaingizwa kwenye kifusi cha mazoezi, akimkuta mtu anavuta kidude shingoni kinacholia, kisha anarudi alikotoka akisikia mlio wa kumwita. Ugumu wake haufanani na wa TB. Maabara panya ana kizimba, mwanga, utulivu. Kwenye kifusi kuna vumbi, kelele za magreda, nyama na vyakula vilivyofukiwa, na anakwenda peke yake bila kamba. Simlaumu mtu kwa kutompeleka panya asiyekuwa tayari.

Kuna na lingine la bandarini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionesha panya hao wakinusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mpingo, hata vikifichwa ndani ya kahawa au sabuni ya unga. Na baada ya miezi minane bila kukutanishwa na harufu hizo, bado walizikumbuka. Wameshajaribiwa bandari ya Dar. Panya anaingia upenyo wa kontena ambao mbwa hawezi kuingia.

---

Binti Kihonda

Wakizeeka mnawafanyaje? Msije mkawa mnampelekea Mzee wa Newala.

---

Mzee Mstaafu wa Newala

Nimekaa paleee.

---

Kibarua wa Mindu

Pole mzee wangu. Wakizeeka wanastaafu, wanabaki vizimbani kwao wanalishwa na kuangaliwa afya mpaka wanakufa wenyewe.

---

Ticha wa Kilosa

Mkuu nimechelewa kuufikia uzi. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu, nina wanafunzi ambao wakisikia neno utafiti wanadhani ni lazima uwe na koti jeupe na uwe Ulaya. Naweza kuwaleta wakaona kwa macho, au ni mpaka uwe na kibali cha wizara?

---

Kibarua wa Mindu

Ticha, wana sehemu ya kupokea wageni hapo Morogoro, shule zinakwenda. Wasiliana nao mapema kwa sababu ya idadi. Walete asubuhi, mkifika mchana panya wameshalala.